Barabara ya Kasenga ikirefushwa, ambuteyaje (foleni ya magari) itaenda wapi?

Mazungumzo yameanza tena, na safari hii nimeona bora niandike, ju kwenye bisi nikianza kuongea watu wananikatiza kabla sijafika katikati. Swali ni hili: sisi tunaokaa hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, huku upande wa njia ya Kasenga, kuanzia Bel-Air, Rwashi, mpaka Luwowoshi na mitaa yote iliyoota nyuma yake, tuombe leta, yaani serikali, ipanue hii barabara na kuirefusha hadi kule mashambani, magari mawili kwenda na mawili kurudi kama bulevari, ili na sisi tupumue? Mtaani kwangu karibu kila mtu anasema ndiyo, tena kwa sauti kubwa, na sababu naijua ju naishi hapahapa, naamka giza bado, namvalisha mtoto unifomu macho yamefumba, tunapanda bisi analala tena kwenye mapaja yangu mpaka karibu na shule. Lakini mimi kwa hilo ombi nasema hapana. Au niseme vizuri: nasema si hilo kwanza, na likifanywa kwanza tutakaojuta ni sisi wa huku, wale wa mjini halitawagusa.

Wasiojua Lubumbashi niwaeleze kidogo. Huu mji ulizaliwa 1910, mwaka reli ilipofika kutoka kusini, na ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Wabelgiji wakachora mji wa wazungu katikati, wakaacha eneo tupu, ng'ambo ya hilo eneo wakawaweka Waafrika. Baadaye zikaja komini, yaani wilaya za mji, za Kenya, Katuba, Rwashi, wazo lilikuwa lilelile, mtu mweusi alale pembeni, asubuhi aje kazini katikati, jioni arudi kwake. Élisabethville ikawa Lubumbashi, wakoloni wakaenda, Union Minière ikawa Gécamines, Gécamines nayo ikaanguka na mishahara yake, ila ule mchoro haukuenda popote. Benki ziko kati, ofisi za leta ziko kati, maduka ya jumla yako kati, na shule ambazo kila mzazi anazitamani nyingi ziko kati. Watu nao tumeshapita milioni mbili. Kiwanja cha Golf, mtaa wa matajiri, nani anakiweza? Kwa hiyo tunaenda Annexe, ile komini inayozizunguka zile sita nyingine zote, na huko ndiko mji unakokimbilia kila mwaka. Asubuhi wote tunamiminika kuelekea sehemu moja, jioni wote tunatoka hapo. Hata ungemwaga gudroni (lami) kiasi gani, kama kila kitu kimebaki katikati, tutakutana wote palepale mlangoni.

Sasa twende barabarani wenyewe. Simama kwenye kituo kimoja cha Bel-Air saa moja ya asubuhi, weka simu mfukoni, angalia. Bisi inakuja. Ni Hiace iliyotoka Japani, usukani uko kulia, na sisi huku tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango wa abiria unafunguka katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni ya bitumbula kichwani anateremkia juu ya gudroni, magari yakimjia, gari la nyuma linafunga breki, moto, yaani pikipiki, inapenya kati yake na mlango huku inapiga honi. Reseveri, kondakta wa bisi, anagonga bati, "Mujini, mujini, mujini!", wanapanda wengine, nao wanapitia hukohuko katikati. Na bisi haisogei pembeni ju pembeni haipo. Palipokuwa pembeni maji ya mvua yamekula, gudroni imekatika kama mkate ulioumwa, na kutoka ukingo wa gudroni mpaka chini kwenye udongo ni ngazi inayofika karibu na goti, dereva gani ataweka gurudumu pale? Kwa hiyo anasimama juu ya barabara. Barabara ni ya magari mawili, bisi ikisimama inabaki ya gari moja, na hiyo nafasi moja wanaigombania wanaokwenda na wanaorudi. Nyuma yake foleni inajipanga mpaka kituo kinachofuata, ambako kuna bisi nyingine imesimama vilevile.

Hiyo njo ambuteyaje yetu. Urefu wa barabara haujahusika hata kidogo.

Halafu kuna demi-tere. Kila anayepanda bisi Lubumbashi anaijua: dereva anaikata safari vipande viwili, badala ya kukufikisha mjini anakuteremsha katikati, unatafuta bisi nyingine, unalipa tena. Watu wanawatukana madereva na mimi nimewatukana kimoyomoyo, lakini ukiwasikiliza nao wana hesabu yao, mwenye gari jioni anataka versema yake yote, ile pesa yake ya kila siku, mafuta yanaungua kwenye foleni gari likiwa limesimama, safari walizokuwa wakizifanya zamani kwa siku hawazifikishi tena. Basi wanakata. Tazama sasa inavyokuwa barabarani: mtu mmoja anayekwenda mjini amepanda mara mbili, ameshuka mara mbili, bisi zimesimama mara mbili kwa ajili yake peke yake. Vituo vimejaa maradufu na abiria ni walewale. Foleni inazaa demi-tere, demi-tere inazaa foleni, na katika hii yote sijasikia mtu hata mmoja anayeomba barabara ndefu akiongelea demi-tere.

Mvua ikianza, kuanzia Novemba hivi, mambo yanabadilika kuwa mabaya zaidi. Kanivo, ile mitaro ya maji, zimejaa chupa za plastiki na udongo wa viwanja vinavyojengwa, maji yakikosa njia yanapanda juu ya barabara, yanakaa, magari yanayakanyaga, shimo linazaliwa. Kila dereva analikwepa lile shimo kwa kuingia upande wa mwenzake. Ukipita pale kiangazi utasema barabara ni pana ya kutosha, ukipita Januari utasema ni nyembamba, na ni barabara ileile. Matengenezo ya barabara za mji ni kazi ya ofisi ya leta inayoitwa OVD, barabara kubwa za kitaifa ni za Office des Routes, na kila tunaponunua mafuta kuna sehemu inakatwa kwenda FONER, mfuko wa matengenezo uliowekwa 2008. Yaani pesa ya kuzibua kanivo tunaichangia tayari, kila lita. Hapo njo ningependa watu wa mtaa wangu wapige kelele kwanza.

Na makamyo. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, pamoja na shaba nyingi sana, na sehemu kubwa ya mzigo huo inatoka mkoa wa Lualaba na huku mkoani kwetu Haut-Katanga ikiwa juu ya remoki (matrela), inaelekea mpakani Kasumbalesa, kama kilometa 90 kusini, halafu Zambia, halafu Durban au Dar es Salaam au Beira. Zamani mzigo huu ulikuwa wa reli. Reli ikadhoofika, mzigo ukahamia barabarani, na migodi kwetu haiko mbali, Rwashi ni komini na ni mgodi pia. Kwa hiyo mtoto anayevuka kwenda shule na remoki ya tani nyingi wanatumia njia moja. Remoki moja ikifa katikati, dereva anakata matawi ya mti anayatandaza nyuma kama alama, anakaa chini ya kivuli cha gari lake kungoja fundi, na huo upande wa mji umefungwa asubuhi nzima. Kuna pia ule mradi wa barabara ya kulipia ya Kasomeno mpaka Mwenda, na daraja juu ya mto Luapula, ili makamyo yafike Zambia bila kupita Kasumbalesa. Kasomeno iko upande gani? Upande wetu, njia ya Kasenga. Sasa fikiri vizuri, siku hiyo njia ikianza kazi, na sisi tumeshaomba barabara yetu ipanuliwe bila kusema makamyo yapite wapi, ile njia pana tutakuwa tumemwombea nani?

Najua mtu atasema hii ni mawazo yangu tu. Basi twende kwa wenzetu. Nairobi walijenga barabara ya Thika, kama kilometa 50, sehemu kubwa njia nane, ikafunguliwa 2012, kitu kizuri kweli, na siku za mwanzo watu walifurahi. Halafu kando yake yakaota magorofa ya kupangisha, Ruiru, Juja, huko kote, watu walihamia mbali zaidi kwa sababu sasa mbali kumekuwa karibu, na asubuhi wakawa wanakwama walipokuwa wanakwama, pale barabara pana inapoingia kwenye mji uliobaki vilevile. Wakaongeza nyingine ya kulipia juu kwa juu, kilometa 27, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ikafunguliwa 2022. Mwenye pesa anapita juu, matatu nyingi na abiria wake wamebaki chini.

Mfano unaotajwa sana duniani uko Marekani, Houston. Ile Katy Freeway waliipanua mpaka ikafika njia 26 kwenye sehemu pana kabisa ukihesabu na zile za pembeni, wakamaliza 2008, kwa karibu dola bilioni 2.8. Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari wa asubuhi ukawa umeongezeka kwa asilimia kama 30, wa jioni 55. Dola bilioni 2.8! Na wachumi wawili, Duranton na Turner, 2011 walitoa hesabu ya miji ya Marekani wakaonyesha kwamba ukiongeza kilometa za barabara kuu, kilometa ambazo watu wanaendesha nazo zinaongezeka karibu kwa kiasi kilekile. Nafasi ikipatikana inajaa. Na niwe mkweli, haohao walikuta pia kwamba kuongeza usafiri wa umma peke yake hakuifanyi barabara iwe tupu. Sawa, mimi sitafuti barabara tupu. Nataka watu wafike. Barabara iliyojaa bisi zinazotembea inafikisha watu wengi, iliyojaa gari la mtu mmojammoja inafikisha wachache, na zote mbili ukizipiga picha kutoka juu zimejaa.

Haya mambo niliyaleta kwenye matanga ya jirani yetu, usiku, tumekaa nje kwenye viti vya plastiki, ju kwetu matanga njo bunge, kila neno la mtaa linapita pale. Yaya mmoja, yaani kaka mkubwa, ninayemheshimu sana, fundi wa magari, mtu aliyejenga nyumba yake tofali kwa tofali, akanijibu mbele ya wote:

"Mudogo yangu, weye unasoma sana. Kule Houston kila muntu iko na motokari yake. Siye huku tunaomba paka njia. Hata ile moja ya kwanza hatuna, na weye uko unatuambia ya pili ni mubaya?"

Watu wakapiga makofi, na neno lake lina uzito, siwezi kulitupa. Ni kweli sisi si Houston, wengi wetu hatuna gari. Lakini nikamwonyesha yeye mwenyewe kazi yake: yaya, gereji yako miaka ya nyuma ilikuwa na magari mangapi, na leo mangapi? Motokari za okazyo (mitumba) zinaingia kutoka Japani kupitia Dar kila siku, moto zimejaa kila kona. Watu hawana magari leo, ila kila anayepata pesa kidogo kitu cha kwanza anatafuta gari, na ana haki, ju bisi inamdhalilisha. Tukiipanua barabara huku bisi zikibaki hivi, tutakuwa tunamwambia kila mwenye pesa kidogo anunue gari haraka.

Akakaa kimya kidogo. Halafu mama mmoja anayeuza lengalenga na matembele pembeni ya barabara akasema neno ambalo kwenye mabishano yetu yote hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Balabala ikipanuka, miye nitauzisha wapi? Hapa njo bantu bananijua. Bakinitosha, banionyeshe fasi ingine mbele."

Mbele, yaani kabla ya kumwondoa. Hilo neno lake liko hata kwenye Katiba. Kifungu cha 34 kinasema mali ya mtu ni takatifu, na leta ikitaka kuichukua kwa faida ya wote lazima ilipe fidia ya haki, tena ilipe kabla ya kuchukua. Kuna pia sheria ya 22 Februari 1977 inayoeleza utaratibu wa kumwondoa mtu kwenye mali yake kwa faida ya umma. Kwenye karatasi tuko vizuri sana. Shida ni kwamba sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote ni wa leta, sisi tunapewa haki ya kuutumia, na ukiangalia Annexe, wangapi wana cheti kamili cha usajili? Wengi wana ile karatasi ya mtaa tu, na mihuri, na majina ya mashahidi wawili. Siku ile rangi nyekundu inachorwa kwenye kuta, ule msalaba wa kubomoa, mwenye cheti anaweza kwenda kubishana, mwenye karatasi ya mtaa anaanza kuomba huruma, na mama wa lengalenga hana hata pa kuomba, ju yeye hana ukuta wa kuchora. Ndiyo maana nasema kabla ya kupiga makofi kwa ajili ya barabara pana, uliza kwanza upana huo utapimwa kuanzia wapi, na kwa upande gani. Wengi waliopiga makofi usiku ule nyumba zao ziko kandokando ya gudroni.

Na kuna wale ambao barabara ndefu inawafaa kabisa, nao hawakai huku. Neno tu la gudroni likisikika, bei ya viwanja kule mbele inapanda. Sehemu ambazo leo ni mashamba ya mahindi, mahali wanapopata riziki watu wanaolisha masoko ya mji huu, zinakatwakatwa, zinawekewa vigingi, na kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu wawili au watatu. Anayenunua kule ni kijana wa umri wa kuoa ambaye hawezi bei ya Luwowoshi. Atajenga, ataoa, watoto wataanza shule, na shule anayoitaka iko mjini, kazi yake iko mjini. Atapita mbele ya mlango wangu kila asubuhi. Simlaumu hata kidogo, mimi nilifanya vilevile kwa watu wa Bel-Air. Ila huo mwendo hauna mwisho kama kila tunapojaa tunarefusha bomba bila kupanua pale linapomwaga.

Basi nataka nini? Kwanza kabisa nataka pembeni. Kwenye kila kituo pajengwe sehemu ya bisi kuingia, imwage watu, irudi barabarani, na udongo ule uliokatika ujazwe na kanivo zizibuliwe kabla ya mvua. Hii si kazi ya mabilioni, haibomoi nyumba nyingi, na ningesema nusu ya foleni tunayoilia iko hapo. Wakati huohuo bisi zigeuzwe, mlango uwe upande wa kulia, mafundi wa Lubumbashi wanajua kukata bati na kuhamisha mlango, wamefanya hivyo kwa magari mengi, na yaya wangu ni mmoja wao.

Pili, njia za kuunganisha mitaa na mitaa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili linaniuma. Leo mtu wa Rwashi akitaka kwenda kumwona dada yake Katuba anapita mjini. Mjini hana shida nako, hanunui kitu, hana kazi huko, ila njia zetu zote zinaingia katikati na kutoka katikati, na reli inakata mji na sehemu za kuivuka ni chache. Ongeza wote hao juu ya wale wenye kazi mjini. Zile avenu za udongo zinazopita nyuma ya nyumba zetu, zinazounganisha mtaa na mtaa, kiangazi ni vumbi, masika ni matope mpaka taksi inakataa kuingia, zikiwekwa changarawe nzuri na madaraja madogo, watu kwa maelfu hawatakuwa na sababu ya kugusa barabara kuu. Pesa ya kilometa chache za bulevari ya njia nne ingefanya avenu nyingi sana. Lakini avenu ya nyuma haina sherehe, hakuna mkubwa anayekuja kukata utepe kwenye njia ya nyuma ya nyumba ya mama wa lengalenga.

Makamyo yapewe njia yao ya kuzunguka nje ya mji, na saa zao. Kama kuna barabara mpya ndefu ninayoikubali ni hiyo, ya kuzunguka, isiyokuja kutuletea remoki mlangoni, na viwanja vya kando yake vizuiwe kuuzwa tangu mwanzo, la sivyo baada ya miaka kumi itakuwa katikati ya mji na tutaanza kuomba nyingine.

Bisi kubwa pia, na njia yake yenyewe. Dar es Salaam tangu 2016 wana mwendokasi, kutoka Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi yake, kama kilometa 21 za awamu ya kwanza, bisi inapita katikati kwenye njia yake huku magari mengine yanangoja. Watu wa Dar wenyewe wanalalamika kwamba mabasi hayatoshi, vituo vinajaa, na wana haki. Lakini angalia wanacholalamikia: waongezewe mabasi. Njia yenyewe hakuna anayetaka ifutwe. Hata sisi tukianza kwa saa za asubuhi na jioni tu, upande mmoja, ingekuwa kitu. Ila iandaliwe, isije kwa tangazo la jana yake. Kinshasa Oktoba 2024 walizigeuza barabara kadhaa ziwe za upande mmoja kwa saa fulani, watu wakatembea kwa miguu mpaka wakachoka, na jaribio halikudumu. Na zile roboti za rulaje, za kuongoza magari, za injenieri Thérèse Izay, zilizoanza Kinshasa 2013 na nyingine zikaletwa mpaka huku kwetu, mimi nilizipenda kabisa, dereva anaiheshimu mashine kuliko mtu, lakini roboti inapanga magari kwenye makutano tu, haiwezi kuiambia bisi isogee pembeni wakati pembeni hakuna.

Tumeandika barua. Baada ya yale matanga tulikaa tena wachache, yaya akiwemo, mama wa lengalenga akiwemo, tukasema tuipeleke kwa chefu wa karitye, mkuu wa mtaa, ili aipandishe komini. Yaya aliniuliza swali moja kabla ya kusaini: bibi yake, yaani mke wake, akishikwa na uchungu usiku wa mvua, atamwambia angoje njia ya makamyo ijengwe? Nikamjibu kwamba usiku barabara kuu huwa wazi, kinachomkwamisha ni ile avenu ya matope kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye gudroni, na hiyo tumeiandika namba mbili. Alifikiri. Akasaini pembeni za vituo, akasaini avenu, akasaini kanivo, akasaini kwamba wauzaji waonyeshwe nafasi nyingine kwanza. Pale kwenye sentensi yangu ya kukataa barabara isirefushwe sasa, aliikata kwa kalamu yake mwenyewe, akaandika chini yake, "na balabala kubwa nayo ikuye." Watu wengi wamesaini chini ya mwandiko wake kuliko chini ya wangu. Barua tunaipeleka hivyohivyo, na ile sentensi iliyokatwa imebaki inasomeka.